Moto wa Kibuyu

Vijana wangu wa bima, ghorofa ya pili, siku ile ya keki ya kuniaga mliniomba niseme maneno machache nikakataa, kwa sababu keki ilikuwa imekauka na bosi alikuwa anaangalia saa. Sasa nina wakati. Nimestaafu, ng'ombe wangu wamekamuliwa, na mvua ya Eldoret ikianza mchana haina haraka ya kwenda popote. Nitawaandikia yale ambayo hamtafundishwa kwenye semina za hoteli. Anayetafuta habari za vyeo na apite tu. Vyeo nilipewa kwa kuchelewa, nikavizoea haraka, basi.

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa viatu vya visigino. Mkaguzi wetu wakati huo alikuwa Mzee Odongo, mtu wa kutoka upande wa ziwa, si wa kabila letu, ambaye alikuwa ameishi mji wa Burnt Forest hadi akawa anaongea Kikalenjin vizuri kuliko watoto wa dada yangu. Aliviangalia vile viatu. Akanipeleka kukagua mashine ya kusaga unga, mahali sakafu imelowa mafuta ya injini, na nikaanguka chali mbele ya wateja na magunia yao. Mzee Odongo akainama akaniangalia. "Vizuri," akasema, "sakafu umeshakagua. Sasa inuka tukague kuta." Kesho yake nilinunua gumbuti, vile viatu virefu vya mpira, na gumbuti nimevaa mpaka nimestaafu.

Vifaa vyake vilikuwa vichache: tochi, futi ya kupimia, chaki, na pua. Mnacheka, lakini pua ndiyo ilikuwa ya kwanza. Aliingia jikoni mwa mtu akasimama tu, macho amefumba, ananusa. Waya unaopata moto una harufu yake. Gesi inayovuja ina harufu yake. Panya wanaotafuna waya nao wana harufu yao, na hiyo sitawaelezea, mtaikuta wenyewe. Siku hizi mnapiga picha na simu halafu mnajaza nafasi za fomu mkiwa kwenye gari. Simu haina pua.

Kitu kingine alinifundisha kwa njia ambayo singemtakia mtu. Ule mwaka wa fujo za uchaguzi, watu wa makabila mengine walipofukuzwa, nyumba yake ya Burnt Forest ilichomwa. Alikuwa na bima ya moto, na yeye mwenyewe ndiye aliyejiandikia. Lakini mkataba ulisema moto unaotokana na fujo haulipwi mpaka mtu aongeze bima nyingine pembeni, na yeye, aliyewakumbusha wateja wote, hakuwa ameiongeza ya kwake. Aliporudi ofisini alikaa kwenye kiti chake na shati la kuazima. "Leah," akaniambia, "ukimsomea mteja mkataba, anza na zile hazilipwi. Zile zinalipwa atazisoma mwenyewe." Akaendelea na kazi. Aliifanya mpaka mwisho bila kulitaja tena jambo hilo, na nyumba nyingine hakujenga. Tulimzika kwao miaka mingi baadaye, na mimi ndiye nilipewa tochi yake.

Kwa hiyo nilikuwa na desturi yangu, na wengine wenu mliicheka. Mkataba sikuusomea ofisini. Nilimsimamisha mwenye biashara ndani ya biashara yake, jikoni kama ni jikoni, stoo kama ni stoo, nikamsomea masharti kwa sauti, kwa Kiswahili, na akishindwa kwa Kinandi, huku nikimwonyesha kwa kidole kila kitu kinachotajwa. Inachukua mchana mzima. Mteja anachoka, miguu inauma, lakini hakuna atakayesema hakuambiwa.

Halafu zikaja hizi biashara za franchaizi. Mnazijua: unalipa kampuni kubwa, inakupa jina lake, rangi zake, mapishi yake na aproni zake, na wewe unatoa pesa na usingizi. Mpita njia anadhani duka ni la kampuni. Likiungua ndipo anaambiwa ni lako.

Kampuni hizo haziji bila masharti ya bima. Uwe na bima ya moto na wizi, jengo na vyombo vyote. Uwe na bima ya mteja anayeteleza kwenye sakafu yako au anayeumwa na tumbo baada ya chakula chako. Uwe na bima ya mfanyakazi anayeumia kazini, ambayo hata sheria inaitaka. Uwe na bima ya biashara kusimama, ili duka likifungwa kwa ajali kama moto, kodi na mishahara isikwame. Na juu ya hayo yote, jina la kampuni liandikwe kwenye mkataba wako kama mwenye haki pamoja nawe, ingawa anayelipa ni wewe peke yako. Bila cheti hicho hawakuruhusu kufungua mlango, na ukichelewa kukifanya upya wanaweza kuchukua jina lao waende nalo. Wateja walininung'unikia mimi, kana kwamba ni mimi nilizaa hayo masharti.

Ndipo nikamjua Mama Selina. Alikuwa mjane wa Kapseret, mwenye shamba la mahindi na ng'ombe wa maziwa, na alikuwa amechoka na bei ya mahindi. Alichukua mkopo benki kwa dhamana ya shamba, akafungua duka la kuku wa kukaanga katikati ya mji, kwenye kona nzuri, chini ya jina ambalo watoto walikuwa wanalijua kutoka kwa televisheni. Mara ya kwanza nilimkuta amevaa kofia ya kampuni juu ya kitambaa chake cha kichwa, kwa sababu kitabu cha kampuni kilisema kofia, na kanisa lake lilisema kitambaa.

"Madam," akaniambia, "hawa watu wameniambia mpaka wimbo wa kupiga dukani. Wewe umekuja kuniambia nini?"

"Nimekuja kukuambia kile hakilipwi."

Akacheka mpaka akashika meza. Hapo hapo nikampenda, bwana. Kazi yetu haina wateja wengi wa kupenda.

Tulizunguka. Kijana wake wa kukaanga, Ouma, alikuwa anatufuata akipangusa kila mahali nilipoelekeza kidole. Alikuwa ametoka upande wa ziwa kama Mzee Odongo, mpole, mwenye mikono mirefu, na ule utaratibu wa mtu anayependa kazi yake. Tulipofika stoo ya nyuma, palipopangwa katoni za kufungashia chakula, nikasoma sharti zito kuliko yote: hakuna moto wa wazi ndani ya jengo isipokuwa kwenye mashine za kukaangia zilizofungwa na kampuni. Ukionekana moto mwingine, bima ya moto inaanguka, na ile ya biashara kusimama inaanguka nayo.

"Hata jiko la makaa la chai ya wafanyakazi?" Mama Selina akauliza.

"Hata hilo."

"Stima ikipotea, mshumaa?"

"Hata mshumaa. Nunua taa ya chaji."

"Hata sigara ya fundi?"

"Mtoe nje na sigara yake."

Akageuka. "Ouma, umesikia? Hapa hata kiberiti sitaki." Na kweli hakikuingia. Nilirudi kukagua mara nyingi, wakati mwingine bila kuwaarifu, na sikuona hata njiti. Nilikuwa nawapeleka wateja wengine pale wakaone duka linavyotunzwa.

Sasa, wale ambao si wa huku wanisikilize kidogo. Kwetu maziwa ya mursik, yale ya kugandishwa, hayawekwi kwenye kibuyu hivi hivi. Kibuyu kinaoshwa, kisha unachukua kijiti cha mti wa senetwet, unakiwasha mpaka ncha yake inakuwa kaa jekundu, unakiingiza ndani na kusugua kuta za kibuyu mpaka ziwe nyeusi. Hiyo ndiyo inayoyatunza maziwa, na ndiyo inayoyapa ile rangi ya kijivu na ile ladha. Mama yangu alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo. Na muulize mwanamke yeyote wa hapa kama anapofanya hivyo anawasha moto. Atakushangaa. Anasafisha kibuyu. Moto ni ule wa kupikia.

Binti wa kaka yake Mama Selina alikuwa mkimbiaji. Alikuwa amekwenda kushindana nje, na siku ninayoisimulia alikuwa anarudi. Hakuwa ameshinda chochote, lakini kwetu anayerudi anapokewa, na anapokewa uwanja wa ndege kwa mursik. Maziwa yalikuwa tayari kwenye kibuyu kikubwa nyumbani. Mama Selina akataka kibuyu kidogo, kile cha kumshikisha msichana, kiwe safi. Nyumbani hakuwa na nafasi, maana duka lilikuwa linammeza tangu asubuhi. Akakileta mjini. Akawashia kijiti kwa mama mchoma mahindi nje, akaingia nacho kupitia mlango wa nyuma, akasugua kibuyu chake stoo, ametulia, anaimba pole pole. Alipomaliza akakitia kijiti kwenye mkebe mtupu wa rangi, akaona kimezima, akaenda uwanja wa ndege kumpokea mtoto.

Kijiti hakikuwa kimezima. Katoni zilikuwa pale.

Wateja walitoka wote. Ouma pia alikuwa ametoka. Halafu akakumbuka mitungi ya gesi, na duka la jirani lilikuwa la nguo za watoto, limejaa akina mama. Akarudi. Aliitoa mitungi kwa mikono yake mitupu, na chuma kilikuwa tayari kimepata moto. Zimamoto wakafika wakakuta gesi iko barabarani na Ouma amekaa kando yake, mikono ameinua juu, haongei.

Nilifika ukuta bado unatoa moshi. Mama Selina alikuwa amesimama kwenye maji meusi na nguo zake za sherehe, kibuyu kidogo bado kimening'inia kwapani. Mkaguzi wa kampuni ya kuku alikuwa ameshazungumza na kila mtu: mashine ya kukaangia iliachwa ikiwaka, kijana wa kukaanga ndiye aliyezembea. Kulikuwa na askari tayari anauliza jina la kijana na ametoka wapi. Mama Selina akanivuta kando.

"Leah," akasema. Siku hiyo Madam iliisha. "Moto umeanzia stoo. Mimi nilisugua kibuyu stoo."

Mimi, mwenye pua ya Mzee Odongo, nilijua hadithi nzima kabla hajaimaliza. Nilimsomea mishumaa, nikamsomea sigara. Msiniangalie hivyo. Nanyi hamngefikiria kibuyu, na aliyeandika lile sharti huko aliko hajawahi kukiona.

Tulikwenda hospitali pamoja. Njiani nilimwambia kila jibu linaleta nini, kwa maana hiyo ndiyo kazi yangu, na zaidi ya hapo siruhusiwi. Mfanyakazi akizembea mashine, bima inalipa. Hilo ndilo watu hawajui: uzembe wa mfanyakazi unalipwa. Kaa la moto lililoingizwa stoo na mwenye duka mwenyewe halilipwi. Akikubali maneno ya mkaguzi wa kuku, duka linajengwa upya na shamba linabaki. Akisema kibuyu, hana duka, na mkopo uko pale pale.

"Na Ouma?" akauliza.

"Akiumia kazini analipwa, vyovyote vile. Lakini itaandikwa kwamba ni yeye aliyechoma. Na yule askari ulimwona."

Wodini Ouma alikuwa amefungwa bendeji mpaka viwiko. Alipotuona alijaribu kuinuka, tukamzuia. Alikuwa ameshasikia yote. Hospitali hakuna siri. Akamwambia Mama Selina, kwa sauti ya chini, "Mama, sema ni mimi."

"Wacha ujinga, mtoto."

"Si ujinga. Mimi sina shamba ya kupoteza. Wewe uko nayo. Sema ni mimi, ulipwe, mimi nitaenda nyumbani nipone. Nani ataniuliza huko?"

Mama Selina alimpangusa uso kwa kitambaa, akamnywesha maji na kijiko kwa kuwa mikono yake haikuweza kushika kikombe. Tulipotoka nje alikaa kwenye benchi la wagonjwa, akalia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mbele ya kuta zake. Mimi nami nikalia, nimeshika faili la kampuni, watu wanapita wanadhani tumefiwa.

"Mimi nimezaliwa Burnt Forest," akaniambia alipotulia. "Nimeona mtu akisemwa ni yeye amechoma. Nimeona kile kinafuata. Hapa kwetu hilo neno haliishii kwa mtu mmoja, linahamia kwa kabila lake lote."

Nilimfikiria Mzee Odongo na lile shati la kuazima.

Mthamini wa hasara alitoka Nairobi, kijana mstaarabu anaitwa Mutua, viatu vyake viking'aa mpaka alipokanyaga lile jivu. Alituweka ndani ya kile kilichobaki cha duka, mkaguzi wa kuku upande huu, mimi upande ule, Mama Selina katikati. Akauliza kama kulikuwa na moto wowote mbali na mashine.

"Nilikuwa na kijiti cha kaa," Mama Selina akasema. "Niliingia nacho mimi, nikasugua kibuyu pale. Nikakiacha kwenye mkebe. Mashine zilikuwa sawa. Ouma hakuacha kitu."

Mkaguzi wa kuku akasema, "Mama, labda umechanganyikiwa na mshtuko." Na kwa kweli hata Mutua aliweka kalamu chini. Hakuwa mtu mbaya. Alimwangalia, akaniangalia mimi, akasema taratibu, "Mama, nitakuuliza tena. Chukua wakati wako. Huenda hukumbuki vizuri."

Wote mle ndani tulijua anampa mlango wa kutokea. Mimi nilikuwa naomba autumie. Nasema wazi: niliomba kimoyomoyo, na Mungu alinisikia akanyamaza.

"Nakumbuka vizuri," Mama Selina akasema. "Andika. Ni mimi, na andika pia kwamba si Ouma. Hiyo ya pili usiisahau."

Akaandika.

Yaliyofuata mnayajua bila mimi kuwaambia, kwa sababu karatasi zetu huenda upande mmoja tu. Bima ya moto ilianguka. Ile ya biashara kusimama ikaifuata. Kampuni ya kuku ikachukua jina lake, na ikaandika kwamba mwenye duka amevunja masharti, jambo ambalo lilikuwa kweli. Benki ikachukua shamba la Kapseret. Ya mfanyakazi peke yake ndiyo iliyosimama, na hiyo niliipigania mpaka wakubwa wangu wakaacha kuniamkia kwenye ngazi. Ouma akalipwa, akarudi kwao na mikono yake. Hakuna aliyemuuliza kitu, wala hakuna askari aliyemfuata.

Kona ile haikukaa tupu. Jina lile lile lilirudi, rangi zile zile, na mwenye duka mpya, kijana wa hapa mjini mwenye simu mbili. Nilikwenda kumsomea masharti stoo, nimesimama mahali pale pale, ingawa sakafu ni mpya. Nilipofika kwenye moto wa wazi nikaongeza kwa kinywa changu: "Na kijiti cha kusugulia kibuyu pia."

Akacheka. "Kibuyu? Mama, mursik siku hizi tunanunua ya chupa, supermarket."

Nikamwambia atie sahihi. Ilikuwa miongoni mwa kazi zangu za mwisho.

Wiki iliyopita nilikwenda kumwona Mama Selina. Anaishi Burnt Forest, kwenye kipande cha kaka yake, analima viazi na ana ng'ombe mmoja. Amezeeka haraka. Tulikaa jikoni kwa sababu nje kulikuwa na baridi. Nikamuuliza kama Ouma hupiga simu.

"Hupiga," akasema. "Mtoto wake ndiye anabonyeza. Vidole vyake havikukunjika tena. Huniuliza duka linaendeleaje. Hajui nilimwambia nini yule mthamini, na usije ukamwambia. Mimi humwambia wateja ni wengi."

Akainuka, akachukua kibuyu ukutani, akanimiminia kikombe kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa kwa mgeni. Nilipokea kwa mikono miwili. Maziwa yalikuwa meupe pee, hayana hata chembe moja ya kaa. Nilionja. Yalikuwa yamechacha tu, maziwa ya kibuyu ambacho kimeoshwa kwa maji na kuachwa hivyo.

Alikuwa ananiangalia. Nikanywa yote, nikamrudishia kikombe, nikamwambia mursik yake bado ni tamu.